Majitu ya Nyapara

Kosa la Nyapara lilikuwa kulifunga lile sanduku kwa kamba. Alilitua juu ya meza ya chakula, akarudi nyuma kidogo, na hapo ndipo alipomwona mwenye nyumba anavyolitazama fundo. Uso ulimshuka. Alinyoosha mkono asaidie, lakini mwanamke alikuwa ameshaanza: amelikandamiza sanduku kwa kiwiko, analichokonoa fundo kwa kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, vile viwili vilivyobaki. Mama yake, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, aligeuza uso akatazama ukuta. Fundo halikuwa na haraka. Hatimaye kamba ikadondoka sakafuni.

Kiwandani mwanamke huyo walimwita Mama Vifuniko. Kiwanda kilitengeneza makopo ya rangi, na yeye tangu usichana wake alikaa kwenye presi ya vifuniko: unasukuma bamba la bati, chuma kinashuka, unatoa kifuniko, unasukuma tena. Wenzake walimtania kwamba hata akifa atajifunika mwenyewe. Mtoto hakujaliwa, lakini jina la umama lilimkaa vizuri, na alipoitwa kutoka upande wa pili wa ukumbi, sauti ikishindana na mashine, aliitika kwa fahari. Halafu asubuhi moja chuma kilishuka wakati mkono ungali ndani.

Nyapara alikuwa msimamizi wa zamu yake, mwanamume mwenye mvi na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, mtu wa taratibu hata akikemea. Ndiye aliyemnyanyua siku ile akamkimbiza kwenye gari, shati limelowa damu mpaka kiunoni. Ndiye aliyekuja hospitali mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu. Mkubwa wa kiwanda alituma salamu za pole. Nyapara alileta miguu yake.

Ndani ya sanduku mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na kwenye kila fremu vipande vidogo vimeng'ang'ania kama matunda mabichi: mabega, magoti, mitutu ya bunduki, vidole vya chuma. Juu ya kifuniko kulichorwa jitu la chuma linavuka mto, maji yakilifika magotini, na nyuma yake mji unaungua.

"Mwanangu kapoteza vidole," mama akasema kutoka dirishani, "wewe unamletea midoli?"

"Shikamoo tena, mama," Nyapara akajibu, maana alimjua bibi huyo na ulimi wake. "Si midoli hii. Ni mchezo wa vita wa mezani. Unajenga jeshi lako la majitu, mwenzako anajenga lake, mnapambana kwa dadu na kwa akili. Mimi nimeucheza tangu ujana. Daktari kasema ule mkono usipopata kazi ndogo ndogo utakakamaa. Nikawaza, kazi ndogo kuliko hii siijui."

"Na ukimshinda?"

"Atakuwa amenifundisha subira."

Mama Vifuniko hakucheka. Tangu atoke hospitali alikuwa amekaa na kitu kifuani kisichomruhusu kucheka. Aliinua fremu moja, akaitazama kwenye mwanga, akauliza swali la mtu wa kiwandani:

"Hivi vinakatwa kwa kifaa gani?"

Nyapara akatoa koleo dogo mfukoni. Uso wake ulikuwa umejaa shukrani ambayo mwanamke hakuielewa wakati ule.

*

Ikawa desturi ya Jumapili. Nyapara alifika baada ya chakula, akamwamkia bibi, akaketi upande uleule wa meza, nao wakafanya kazi. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakumwonea huruma mkono wake wala hakujifanya hauoni; alipoona kipande kinamshinda kushika, alisema tu, "Kibandike kwanza kwenye ncha ya njiti," akaendelea na chake.

"Kila anayeanza hukosea palepale," alimwambia. "Anataka jitu kubwa kuliko yote. Analijenga, analisimamisha mezani, linapigwa kutoka kila upande, linaanguka, naye anauchukia mchezo. Wewe anza na manne. Moja zito, mawili ya kati, na moja dogo lenye mbio, la kwenda kuchungulia. Na usipake rangi lolote kabla hujalichezesha. Ulijue kwanza linavyokufa."

Jitu la kwanza lilimtoa machozi ya hasira. Gundi ilimganda kwenye kidole gumba, goti likaelekea kulia wakati nyayo zinaelekea kushoto, na tupa ilimponyoka mara kwa mara ikagonga sakafu. Mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia tu, sasa ulilazimika kuongoza, nao ulikuwa mpumbavu kama mtu aliyeamshwa ghafla. Wa kulia ulibaki koleo: gumba huku, kidole cha mwisho kule, na katikati nafasi tupu ambayo bado iliwasha kana kwamba kuna kitu. Hatimaye jitu likasimama, limeinama upande mmoja, halieleweki kama linakwenda vitani au linarudi.

Mama yake alikuja akaliinua, akaligeuza geuza.

"Huyu naye," akasema, "kaumia kazini."

Nyapara aliinamisha kichwa. Kisha Mama Vifuniko akaangua kicheko, kicheko cha kweli kilichomshtua hata yeye mwenyewe, kikamtikisa mpaka akashika ukingo wa meza. Bibi akacheka kwa kumwona anacheka. Nyapara peke yake hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

Walipofika kwenye kucheza, alitandika kitambaa chenye barabara zilizochorwa kwa mkono, akasimamisha nyumba za maboksi, akaonyesha jinsi ya kupima mwendo kwa futi ya ushonaji. Kila jitu lilikuwa na kadi yake, na kwenye kadi kulikuwa na safu ya visanduku vya kuhesabia joto. Ukipiga silaha, joto linapanda. Ukikimbia, linapanda. Likivuka mstari mwekundu, ama jitu linazimika katikati ya uwanja, ama dereva wake anaungua humo ndani.

"Kwani ndani mna mtu?" Mama Vifuniko akauliza.

"Mna dereva. Mmoja tu. Yeye ndiye anayeamua: apige, au apoe kwanza."

"Na mkubwa wake akimwambia piga?"

Nyapara alikuwa ameshika dadu. Alizichezesha kiganjani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Atapiga," akasema, akazirusha.

*

Kile kitu kifuani kilikuwa hiki. Presi ya vifuniko ilikuwa na kinga, wavu wa chuma unaoshuka mbele ya mkono. Wavu ukiwa juu, swichi iliyo chini yake inazuia mashine isitembee. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Lakini asubuhi ile Mama Vifuniko alikuwa amerudi kutoka kwenye ruhusa ya kumuuguza mama yake, na alipofika kwenye presi alikuta wavu umeinuliwa na mashine inatembea. Aliona. Aliinama akaona hata waya mwembamba wa shaba ulioifunga swichi isifanye kazi. Ukumbi mzima ulikuwa umeshashika kasi, mabati yanamsubiri, na hakutaka kuwa yule anayesimamisha watu kwa maneno. Akaketi. Akasukuma bamba la kwanza.

Kwa hiyo iliposemwa baadaye kwamba mfanyakazi alifungua kinga kwa uzembe wake, hakubisha. Alijua si yeye aliyefunga waya, lakini aliuona, akaketi, na kwake yeye hayo mawili yalikuwa yamekaribiana mno. Alilala na jambo hilo na kuamka nalo. Hakumwambia mama yake, hakumwambia mdogo wake, na Nyapara hakuwahi kumuuliza.

Lile jitu zito lilikuwa na mkono usiokaa. Ulikuwa umebeba mzinga mrefu, na kila gundi ilipokauka, uzito uliuvuta ukadondoka. Jumapili moja Nyapara alisema dawa yake ni waya. Akatoa keekee ndogo ya mkono, akatoboa tundu begani na tundu jingine kwenye mkono, akachomoa waya wa shaba kutoka mfuko wa shati.

"Tazama," akasema. "Unapitisha hapa. Unazungusha mara mbili. Unausokota kuelekea kushoto, ukaze. Halafu hii ncha iliyobaki usiiache." Akaishika kwa koleo, akaikunja ndani, akaibana mpaka ikalala bapa kabisa.

"Kwa nini unaikunja?"

"Ncha ikibaki nje itamkwaruza mtu."

Mama Vifuniko alitazama. Mizunguko miwili, msokoto wa kushoto, ncha imelazwa ndani kwa uangalifu kama ukosi wa shati la mtoto wa shule. Alisikia maji yanachemka jikoni, akamsikia mama yake akikohoa chumbani, na akajua kwamba waya huu alishawahi kuuona.

"Chai imepoa," akasema. "Acha nikuletee nyingine."

Jikoni alisimama ameegemea ukuta. Hasira aliitarajia, nayo haikuja, au ilikuja na kitu kingine kilichoizuia mlangoni. Alikuwa anamwona mtu amepiga magoti chini ya presi, miwani puani, anafunga swichi ili mashine isisimame hata mkono ukiwa ndani. Na mtu huyohuyo, kabla hajainuka, anakumbuka kukunja ncha, waya usije ukamkwaruza mtu.

Alirudi na chai. Nyapara akashukuru, akaipuliza, akanywa.

*

Hakusema kitu Jumapili ile, wala iliyofuata. Angesema nini? Kila alipotaka kuanza, aliona shati lililolowa damu. Aliona kiti cha hospitali na mtu mwenye mvi amesinzia juu yake. Akaendelea kucheza, na kucheza kwenyewe kukabadilika. Zamani alikuwa anayaonea huruma majitu yake, anayarudisha nyuma ya nyumba yapoe. Sasa aliyasukuma mbele yote manne, akapiga kwa kila silaha, joto likapanda mpaka kwenye mstari mwekundu, naye akarusha dadu macho makavu kuona nani anaungua.

"Leo una hasira," Nyapara akamwambia.

"Nacheza ulivyonifundisha."

Yeye Nyapara alicheza vilevile siku zote, kwa tahadhari, huku akinung'unika. Jitu lake likianguka hakulitupa sandukuni kama wengine wanavyofanya. Alililaza ubavu juu ya kitambaa, pembeni. Mama Vifuniko alizoea kuviangalia vidole vyake vikifanya hivyo. Vilikuwa vizima, vyote kumi, na vilikuwa na upole uliomtia kichefuchefu.

Habari za mkaguzi zilikuja kwa njia ya kawaida, mtu akamwambia mtu. Ofisi ya usalama kazini ilikuwa imeamua hatimaye kuliangalia jambo lake, na Jumatatu mkaguzi angekuja nyumbani kumsikiliza. Mama Vifuniko aliamua atasema lile alilokwisha kulizoea: sikumbuki vizuri, ilikuwa haraka, pengine ni mimi. Hilo lingemwacha kila mtu mahali pake. Mkono usingeota vidole kwa mtu mwingine kufungwa.

Ndipo, siku chache kabla, mdogo wake akaingia nyumbani mbio, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilikuwa kimekatika njiani, anacheka.

"Nimepata kazi, dada! Nimepata!"

Alikuwa msichana aliyekaa na vyeti vyake kabatini mpaka vikapinda kona, aliyeambiwa rudi kesho na kila mlango wa mji. Mama yao alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena.

"Wapi?"

"Kiwandani kwenu. Nyapara mwenyewe ndiye aliyenisemea. Nimeanza leo hii hii, kwenye vifuniko. Wamenicheka, eti sasa mimi ni Mdogo wa Vifuniko."

"Nyapara ni mtu," mama akasema. "Nilimwonea bure. Huyo ni mtu kati ya watu."

Mama Vifuniko alikuwa anapaka rangi mguu wa jitu la nne. Aliiweka brashi chini.

"Kinga iko juu au chini?"

"Kinga gani?"

"Wavu. Pale mbele ya mkono."

"Aa, kile kiwavu?" Msichana alikuwa ameketi sakafuni anajaribu kukiunga kiatu. "Kimeinuliwa juu kule. Wanasema kinachelewesha. Kwa nini, dada? Mbona unaniangalia hivyo?"

*

Jumapili Nyapara alikuja na mfuko wa machungwa kwa ajili ya bibi. Mama Vifuniko alimwacha apange jeshi lake. Aliyapanga yake pia, yote manne, la nne likiwa na mguu mmoja wenye rangi na mwili mzima wa kijivu. Mama alikuwa amelala mchana. Mdogo wake alikuwa ameitwa zamu ya ziada.

"Mdogo wangu umempa presi yangu," akasema.

"Nilitaka kusaidia. Nyumba hii ilikosa mtu wa kutoka asubuhi."

"Kinga iko juu."

Nyapara alisogeza jitu lake dogo upana wa ukucha, akalirudisha palepale.

"Ule waya uliufunga wewe," Mama Vifuniko akasema.

Hakuuliza waya upi. Wote wawili walisikia kwamba hakuuliza. Nje, mtu alikuwa ananyoosha bodi ya gari kwa nyundo, mlio mmoja, kimya, mlio mmoja.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Hapa hapa." Akalisukuma lile jitu zito katikati ya meza, bega likimwelekea. Nyapara alilitazama kwa muda, kisha akaivua miwani, na bila miwani akaonekana mzee zaidi na mwenye uso usio na pa kujificha.

"Mkubwa alikuwa na oda ya watu," akasema. "Alinikalia kooni. Akaniambia siku mbili tu, tumalize, turudishe kila kitu. Wewe ulikuwa ruhusa. Aliyekaa pale alikuwa kijana, anajua, nilimwonya. Nikasema moyoni, kabla Mama Vifuniko hajarudi nitakuwa nimeufungua."

"Na?"

"Nikasahau."

Mama Vifuniko alikuwa amejiandaa kwa uongo, na kwa machozi, na hata kwa matusi. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa. Lilikuwa dogo mno. Alilitafutia mahali pa kuliweka asipaone.

"Ulisahau," akarudia.

"Niliukumbuka nilipokusikia unapiga kelele."

Mlio wa nyundo ukaja tena.

"Na sasa? Umesahau tena?"

"Sasa si mimi. Waya wangu niliukata siku ile ile. Sasa swichi yenyewe imeng'olewa. Nilimwambia Mkubwa. Akaniuliza kama nimechoka kazi." Alipangusa macho kwa kiganja. "Nimebakiza kidogo tu nistaafu."

"Na mdogo wangu amebakiza vidole vyote."

"Ilikuwa ndiyo nafasi pekee iliyokuwepo."

"Najua. Niliiacha mimi."

Mama Vifuniko alikuwa anatazama mikono yao juu ya kitambaa, minne, na katikati barabara za kuchora zisizokwenda popote.

"Kesho nitamwambia mkaguzi niliona kinga iko juu nikaketi," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba. Halafu nitasema nani aliyeifunga swichi, na nani aliyeagiza, na kwamba leo tunavyoongea bado iko juu."

"Mkubwa atasema hajui. Atanitupa mimi."

"Pengine."

"Nilidhani..." Alionyesha meza, majitu, koleo, kikombe cha gundi. "Nilidhani hizi Jumapili..."

"Jumapili zilikuwa nzuri," Mama Vifuniko akasema, na sauti ikamkatika kwa sababu ilikuwa kweli.

Nyapara alikusanya jeshi lake. Alilifunga kila jitu kwenye kitambaa chake, moja baada ya jingine, bila kuharakisha. Mlangoni alikutana na bibi aliyeamka, akamuaga kwa adabu zote, na bibi akamwambia asante kwa machungwa na asichelewe Jumapili ijayo.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisikiliza bila kumkatiza. Mama Vifuniko alipomaliza, mkaguzi alimuuliza kama angependa maji.

Mambo yakaenda kama Nyapara alivyosema. Presi zilisimamishwa, ukumbi ukafungwa, wafanyakazi wakaambiwa wakasubiri nyumbani bila kuambiwa mpaka lini. Mkubwa alisema hakujua, alisikitika, alitoa hata mkono wa pole mbele ya watu. Nyapara alimwaga unga, na kesi ikafunguliwa kwa jina lake peke yake. Wengine walimpungia Mama Vifuniko njiani. Wengine walivuka barabara walipomwona.

Mdogo wake alirudi nyumbani na aproni mpya ambayo haijapata hata doa. Aliitupa juu ya meza, juu ya majitu, mawili yakaanguka.

"Ungeniambia tu nijihadhari," akasema. "Ningejihadhari. Mimi si mjinga, dada. Umenikata mkono."

Neno lilipotoka wote wakalisikia. Msichana alijiziba mdomo. Mama Vifuniko aliinama, akayaokota majitu yaliyoanguka, akayasimamisha, na alipoinua uso chumba kilikuwa kitupu. Tangu siku hiyo walipitana nyumbani kama wapangaji. Mama yao alipakua chakula, akakaa katikati yao, akaongea na kijiko chake.

Mama Vifuniko akaligeukia lile jitu la nne. Hakuwa na sababu. Jumapili hazikuwa na mtu. Lakini asubuhi zilikuwa ndefu, na mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kuwa mkono. Alilipaka rangi ya kutu, akachanganya tone la nyeusi akalitia kwenye mikunjo, akapausha kingo za chuma kwa brashi kavu mpaka jitu likaonekana limetembea kwenye mvua na vumbi la miaka. Kwenye dirisha la dereva, pasipotosha hata punje ya mchele, alitia nukta ya njano: taa imewashwa ndani, kuna mtu. Alishikilia pumzi alipoitia. Brashi ilikuwa kati ya gumba na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na haikutikisika.

Alilisimamisha dirishani akalitazama. Mama yake alipita akasema ni zuri, kwa sauti ambayo angelisifia hata pazia. Ndipo ilipomjia, na haikumfurahisha, kwamba duniani kuna mtu mmoja tu ambaye angeitazama ile nukta akajua imegharimu nini.

*

Hakuwa amewahi kufika kwa Nyapara. Aliuliza kwenye duka la kutengeneza redio, akaelekezwa nyumba yenye geti la bluu lililoliwa na kutu chini. Alikuwa amebeba kikapu, na ndani ya kikapu majitu manne yamefungwa kwenye mataulo. Njiani alisimama mara kadhaa, akageuka, akageuka tena.

Nyapara alifungua mlango akiwa na ndevu za siku nyingi na shati lisilopigwa pasi. Alimtazama yeye, akakitazama kikapu, akatazama barabara nyuma yake.

"Wakili kanikataza kuongea na wewe kabla ya kesi," akasema.

"Sikuja kuongea."

Walisimama. Jirani alikuwa anaanika nguo, akapunguza mwendo wa mikono ili aone vizuri.

"Usidhani nimekusamehe," Mama Vifuniko akasema.

"Hapo umeongea."

Ilikuwa karibu iwe mzaha. Haikufika. Nyapara aliuachia mlango, akaingia ndani bila kumkaribisha na bila kuufunga, na baada ya muda Mama Vifuniko akavua viatu, akaingia.

Chumba kilinuka gundi na chai iliyolala. Kwenye meza palikuwa na kitambaa, na jeshi lake lote limepangwa safu upande mmoja. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Aliweka kikapu chini. Akafungua taulo la kwanza, la pili, la tatu, akayasimamisha majitu pale yanapoanzia, na mwisho akalisimamisha la nne, taa yake ya njano ikitazama ng'ambo.

Nyapara aliinama. Alivaa miwani. Alikaa ameinama hivyo kwa muda mrefu, pumzi yake ikilifikia jitu, na Mama Vifuniko akatazama pembeni asiuone uso wake.

Mezani palikuwa na kiti kimoja. Nyapara alikishika mgongo, akakivuta, akasita asijue amkalishe nani. Kisha akakiacha na kwenda chumba cha nyuma. Mama Vifuniko alibaki amesimama mbele ya uwanja, mikono miwili kwenye ukingo wa meza, akimsikia huko ndani anasogeza vitu, anakohoa kwa vumbi, anatafuta kiti cha pili.